Mwenye Neno Nyuma ya Kengele

Domitille wa Nyamianda hakuwa na sauti nzuri. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mwanamke aliyezoea kugombana na wauza ndagala, dagaa wa ziwani, tangu alfajiri, na alipoimba kanisani walioketi karibu naye walijikuta wanakohoa. Lakini sauti hiyo ndiyo iliyosambaza habari katika mji wa Uvira, kando ya ziwa, kwa miaka mingi, kutoka Nyamianda mpaka bandarini Kalundu, na hakuna aliyewahi kusimama akasema Domitille alimdanganya. Watu wa kusifiwa hivyo ni adimu popote, na katika miaka ile ya uhuru na uasi walikuwa adimu zaidi.

Kazi aliirithi kwa mumewe. Hatungimana alikuwa mpagazi wa bandarini, akabeba magunia mpaka mgongo ukamkatalia. Siku meli moja kuukuu ilipovunjwavunjwa, aliomba kengele yake, wakamwachia. Akaanza kupita nayo mitaani akitangaza: fulani amefariki, fulani anaoza binti, mbuzi wa fulani haonekani, kesho ni siku ya chanjo. Alipokufa, watu walidhani kengele nayo imekwenda. Matanga yalipoisha tu, Domitille akaitungua ukutani, akajifunga kitenge kiunoni, akatoka. Wanaume kadhaa walinung'unika kwamba mwanamke hapigi kengele. Aliwajibu kwamba yeye ameitikisa na imelia, sasa wao wanataka nini zaidi. Baada ya muda waliacha kunung'unika, maana nao walikuwa na mbuzi wa kupotea.

Kengele hiyo ilikuwa na masharti mawili ambayo Hatungimana aliyaweka mwenyewe, na mitaa ikayazoea mpaka yakawa desturi. La kwanza, mwenye neno hutembea nyuma ya kengele. Ukitaka itangazwe kwamba mbuzi wako kaibwa, unaacha shughuli zako, unafuata njia nzima, na kila kona mpigaji akishatangaza anakugeukia na kusema, "Mwenye neno ni huyu, mumuulize." Na walikuuliza kweli. Mbuzi rangi gani? Ulimfunga kwa kamba au kwa imani? Una hakika hukumla mwenyewe sikukuu ile? Mtu mwenye neno la kweli alifika mwisho wa njia amechoka lakini ana wasaidizi kumi. Mwenye neno la uongo hakufika.

Sharti la pili lilikuwa kwamba aliyeshika kengele haguswi mpaka arudi alikoanzia. Wapagazi wa Kalundu walipopigana kwa marungu, Hatungimana alipita katikati yao akitangaza arusi, nao wakasimama wakamsubiri apite, kisha wakaendelea kuvunjana mbavu.

Jambo moja tu liliachwa nje ya masharti hayo, nalo ni kilio. Maneno ya mfiwa hayaulizwi. Mama anayemlilia mwanawe anaweza kumlaumu jirani, padri, ziwa na Mungu, na hakuna atakayemwambia ainuke atembee nyuma ya kengele. Ni heshima, na ni heshima nzuri. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ingetaka kumuua mtu.

Hata Wabelgiji, watawala wa wakati huo, waliingia katika masharti hayo, kwa mlango wa uani. Bwana administrateri, mkuu wa wilaya, asingekubali kutembea juani nyuma ya mwanamke mweusi. Domitille naye asingekubali kutangaza neno ambalo mwenyewe haonekani. Walivutana, na mwishowe mzungu akatoa kofia yake moja nyeupe, ikawa inabebwa juu ya fimbo na karani wake, Antoine. Watu waliiuliza ile kofia maswali mazito kuhusu kodi na kazi za lazima, na Antoine alijibu kwa niaba yake huku jasho likimchuruzika.

Mwaka 1960 ukaja, na maneno yakawa mengi kuliko samaki. Kabla ya uchaguzi wa mwezi wa tano, Domitille alizunguka kutangaza namna ya kupiga kura: siku gani, jengo gani, karatasi inakunjwa vipi. Antoine nyuma, kofia juu ya fimbo. Walipofika kona ya kwanza ya Nyamianda mwanamke mmoja akauliza, "Na sisi banawake, tutaingiza karatasi yetu wapi?"

Antoine aliitazama kofia kana kwamba itamwokoa. Akasema kura ni ya wanaume.

"Kumbe!" yule mwanamke akamgeukia Domitille. "Na weye iko unapiga kengele juu ya jambo yenye haiko yako?"

Domitille akaondoka kwenda kona ya pili. Hasira ilimpanda, na waliokuwapo waliiona katika namna alivyoitikisa kengele mpaka mwisho wa njia, kama anayetaka kuing'oa ulimi. Lakini alitangaza yote, kona kwa kona, hakupunguza hata kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli na kuna watu waliihitaji. Wengine wetu tungeshikwa na kinyongo tukaifupisha habari, tena tukajiona wajanja. Yeye alirudi nyumbani, akatupa kengele kitandani, akapika ugali mgumu kama tofali, akala peke yake.

Juma lililofuata akaja André, mtu wa chama, tai shingoni. Neno lake lilikuwa tamu: siku ya uhuru nyumba za Wazungu zitagawiwa wenye kadi. Domitille akamwambia karibu, twende. Wauza samaki wa Kalundu walimpokea kwa mikono miwili. Yangu iko ipi, ile ya daktari au ile ya padri? Ina vyumba vingapi? Na ile kubwa ya administrateri, nani atalala mule, weye? Nani alikuonyesha karatasi yake? Kona ya tatu André akakumbuka ana mkutano. Domitille akaifunga kengele kwa kitambaa isilie, akarudi zake, kwa kuwa mwenye neno akitoroka neno limeishia hapo. Kadi za André hazikupata mnunuzi Kalundu.

Rafiki mkubwa wa Domitille alikuwa Mukarusanga, muuza maziwa. Watu wake walitoka juu milimani, kwenye ng'ombe na baridi. Yeye na mumewe Munyaneza walikuwa wameshuka zamani, wakajenga pembeni ya Nyamianda, na ng'ombe wao wachache walilisha kwenye mteremko juu ya mji. Kila asubuhi Mukarusanga alipita na chombo chake cha mti chenye kifuniko cha kusukwa, akiita kwa lafudhi ya kwao ambayo watoto walipenda kuiigiza. Alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, Domitille Mkatoliki wa kelele, na walibishana juu ya Bikira Maria karibu kila siku huku maziwa yakimiminwa. Alikuwa wa kwanza kuingia jikoni kwa Domitille siku Hatungimana alipofariki, na wa mwisho kutoka.

Halafu mwaka 1964 waasi wakaingia Uvira. Askari wa serikali walikimbia hivi kwamba wengine waliacha viatu. Karani Antoine akajificha kwa wakwe zake Lubarika, na kofia nyeupe ikapotea na historia yake. Wenye redio walisikia hili kutoka Léopoldville na lile kutoka Bujumbura, na waliokosa betri walijitungia. Ilisemwa risasi zinageuka maji. Ilisemwa chumvi imerogwa, Wazungu wanarudi kwa njia ya chini ya ziwa, mwezi hautaandama. Domitille aliendelea na yake: soko litafunguliwa siku fulani, mto umechafuka chemsheni maji, fulani amefariki. Kamanda wa vijana, Sylvestre, alimwacha afanye. Alikuwa mtoto wa Kalundu, mwalimu msaidizi wa zamani, sasa kipande cha ngozi ya chui kichwani. Siku alipozaliwa, kengele hiyohiyo ndiyo iliyotangaza, na baba yake alitembea nyuma akijibu maswali kwa tambo mpaka sauti ikamkauka.

Katika mvua za mwaka huo ugonjwa wa kuhara na kutapika ukaingia Nyamianda. Mganga wa dispensari alikuwa amekimbia vita. Watoto wakaanza kufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Élisabeth, binti pekee wa Domitille. Mtoto huyo ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta.

Domitille alimlilia mjukuu wake kama mtu ambaye hajawahi kushika kengele maishani. Alimlaumu mganga. Aliilaumu mvua, akalaumu mto, akamlaumu Hatungimana kwa kutangulia na kumwachia mizigo. Alisema mtoto alikunywa maziwa ya Mukarusanga asubuhi, akacheka, na jioni akawa amekufa. Alisema Mungu hana macho. Wanawake walimshika mabega, wakaitikia kila alichosema, na hakuna aliyeuliza lolote.

Baada ya hapo neno likaanza kutembea. Kwanza ilikuwa maziwa yale. Halafu ikawa unga mweupe ndani ya maziwa yale. Halafu ikawa unga wa askari wa serikali, na Munyaneza ameonekana akiupokea, na watu wote wa milimani wanajua. Lilipomfikia Domitille lilikuwa limenenepa na kuvaa nguo nyingine, hakulitambua. Alikasirika tu. Alimfukuza uani kwake mtu aliyelileta, na akaenda kwa rafiki yake akamkuta na dirisha limevunjwa kwa jiwe. Munyaneza alikuwa amepandisha ng'ombe mlimani usiku. Mukarusanga alibaki kwa sababu mama mkwe wake alikuwa kitandani, hawezi kupanda mlima, naye Mukarusanga hakuwa mtu wa kumwacha peke yake.

"Panda na weye, dada," Domitille alimwambia.

"Nani atamugeuza kitandani?" Mukarusanga akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi moja vijana wawili wenye bunduki wakaja kumchukua Domitille. Sylvestre alikuwa kwenye baraza la ofisi ya zamani ya administrateri, na wazee wa mitaa wamekaa kando.

"Mama," alisema Sylvestre, "leo utapiga kengele. Utasema maziwa ya ule mwanamuke wa Munyaneza iko na sumu. Bantu bote bakuye hapa mbele jua haiyaingia nyuma ya mulima. Tutamukata hukumu."

Kila mtu pale barazani alijua hukumu hiyo ni ipi. Hata mbwa walijua.

"Sawa, komanda," Domitille alisema. "Nani atatembea nyuma?"

"Kutembea nini?"

"Mwenye neno. Weye unajua. Baba yako alitembea."

Sylvestre akawatazama vijana wake. Mmoja akasema alisikia kwa mwenzake. Mwenzake akasema alisikia bandarini. Kijana mmoja wa bandarini akasema jambo hilo linajulikana, bantu banasema.

"Bantu gani?" Domitille akauliza.

Wazee walianza kujikuna shingo. Sylvestre aliona aibu, na aibu ya mtu mwenye bunduki ni kitu cha kuogopwa. "Mama, usinichezee. Utatangaza ao hautatangaza?"

"Nitatangaza. Lakini neno yenye haina mwenyewe natangaza sawa mbuzi ya kuokota. Nitapita na yeye, nitauliza ni ya nani. Mwenyewe akipatikana, atakuja hapa na miguu yake, atakwambia mbele ya bantu bote chenye aliona. Kama aliona sumu, ni yeye atasema, haiko minye," akasema akijigusa kifua.

Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Sylvestre akauma mdomo, akampa muda mpaka jua liguse mlima, akawaambia vijana wawili wamfuate asitoroke.

Akashuka na kengele. "Neno imeokotwa!" aliita kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Inasema maziwa ya Mukarusanga iko na sumu! Mwenyewe iko wapi? Akuye aichukue!" Watu walitoka milangoni, wakatazama miguu yao. Wale wale waliokuwa wakilisema juzi kwa mdomo mpana sasa walikuwa na ndagala za kugeuza juani. Hakuna aliyelidai. Basi akaanza kuuliza mmoja mmoja, na kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwingine kwa haraka ya ajabu.

Kalundu, Nyandwi muuza mikeke, samaki wa ziwani, alikuwa amelipeleka neno hilo kwa kila chombo kilichotia nanga. Alipoulizwa alisema alilipata kwa Agathe, msusi wa Nyamianda, alipomsindikiza mke wake kusukwa. Domitille akarudi Nyamianda mbio, kengele inalia yenyewe. Alikuwa amechangamka. Alishaona mwisho wa kamba, na moyoni alikuwa anatayarisha maneno ya kumwambia huyo mshenzi, yeyote awaye.

Agathe alikuwa na kichwa cha mteja magotini. Alimwona, akaacha kusuka.

"Ulisikia kwa nani?" Domitille akauliza.

Agathe akainamia nywele za mteja tena.

"Agathe. Iko mwanamuke inaenda kuuawa. Ulisikia kwa nani?"

"Kwa matanga, mama."

"Matanga ya nani?"

"Ya kwako." Machozi yakamtoka Agathe, akamnyooshea kidole. "Njo weye ulisema. Ulisema alikunywa maziwa ya Mukarusanga asubui, mangaribi akakufa. Bote tulisikia."

Domitille alitafuta mahali pa kukaa, akakuta kinu kimelala, akakikalia. Sasa alilikumbuka neno, lilivyokuwa siku lilipotoka kinywani mwake, dogo, bila unga wala askari. Lilikuwa lake. Miaka yote hiyo alikuwa amewageukia watu na kusema mumuulize, na yeye mwenyewe alikuwa amefungua mlango wa uani na kulitoa neno bila kengele.

"Lakini ilikuwa kilio, mama," Agathe akasema haraka, akamshika goti. "Maneno ya kilio haiulizwe. Haiko kosa yako. Hakuna muntu atakwambia kitu."

Ilikuwa kweli. Desturi ilikuwa upande wake. Mmoja wa wale vijana wenye bunduki hata aliitikia: kama ni kilio, basi halina mwenyewe, komanda atajua la kufanya. Domitille angeweza kuondoka pale na jina lake safi, na kengele yake mkononi, na Mukarusanga angekufa kabla ya jioni. Kisha aliinuka, na alipoinuka hakuelekea barazani, alielekea pembeni ya mtaa.

Mukarusanga alikuwa anamlisha mama mkwe wake uji.

"Mwenye neno nimemupata," Domitille akasema mlangoni. "Ni minye."

Akamweleza, hakujitetea. Mukarusanga aliweka kijiko chini. Alimtazama rafiki yake, na uso wake ulikuwa mgumu kuutazama, lakini Domitille hakuinamisha macho.

"Mana yanje," Mukarusanga akamwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Weye, Domitille?"

"Minye."

"Maziwa ile nilimupa mutoto bure. Nilimupenda."

"Najua. Unichukie kesho. Leo shika hii." Akamnyooshea kengele.

"Nifanye nini nayo? Nikitoka watanikata."

"Mwenye kushika kengele hagusike mupaka arudi kwenye alianzia. Na minye siwezi kupiga, juu mwenye neno anatembea nyuma. Utaanza hapa kwako, utapita Nyamianda yote, utapita mbele ya Sylvestre, utarudi hapa. Ukibaki ndani watakufuata humu, na mukongwe atakuona."

Mukarusanga alimfunika mama mkwe wake vizuri, akapangusa mikono, akaichukua kengele. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Vijana wawili wa bunduki mlangoni walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaambia la kufanya katika hali kama hiyo, na wote wawili walikuwa wazaliwa wa hapo hapo. Wakampisha.

Watu wa Nyamianda waliosikia kengele wakatoka milangoni. Mukarusanga mbele, anatikisa kengele kwa mikono miwili. Nyuma yake Domitille, mikono mitupu, kitenge cha msiba bado kichwani. Kwenye kona ya kwanza Mukarusanga akasimama. Hakujua aseme nini, akasema yale aliyoyasikia miaka yote: "Mwenye neno ni huyu, mumuulize."

"Njo minye nilisema," Domitille akaita. "Nilisema mutoto alikunywa maziwa, akakufa. Mulisikia kwa minye. Muniulize."

Mwanamke mmoja mzee akajikaza. "Uliona sumu?"

"Sikuona."

"Ulimuona akitia kitu?"

"Nilimuona akimupa mutoto yangu maziwa, hakukamata pesa. Njo yote niliona."

"Basi juu ya nini ulisema?"

Hapo sauti ikamvunjika, na haikuwa nzuri hata ilipokuwa nzima. "Juu mutoto yangu alikufa, na nilitafuta mahali pa kutupa maumivu. Nikaitupa kwake."

Waliendelea. Kona ya pili maswali yalikuwa makali, mtu mmoja akamtukana, naye akalipokea tusi kama alivyopokea maswali, kwa maana aliona analistahili. Kona ya tatu Agathe akatoka na kitana bado nyweleni. "Na minye niliipeleka," akasema, "na nikaongeza unga." Akaingia nyuma ya Domitille. Nyandwi aliyekuwa amewafuata kutoka bandarini ili aone mwisho wake akavua kofia, akatazama kushoto na kulia, akaingia nyuma ya Agathe. Baada yake walikuja wengine. Sio wote. Kuna waliofunga milango, na majina yao yanajulikana mpaka leo. Lakini mstari ulirefuka, na kila aliyeingia alisema alichoongeza: mimi askari, mimi Munyaneza, mimi niliambia watu niliona kwa macho.

Nyumba ya Élisabeth ilikuwa karibu na ofisi. Alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, na alikuwa amesikia yote tangu kona iliyotangulia. Aliyezaa mtoto ni huyu, na ni huyu aliyeamini kwa majuma mengi kwamba mwanawe aliuawa. Élisabeth hakumtazama mama yake. Alimtazama Mukarusanga, akaitazama kengele, kisha akashuka na kujiunga nyuma kabisa.

Sylvestre aliuona mstari ukiingia uwanjani. Alikuwa ameagiza umati, na umati umekuja, ila haukuwa ule alioutaka. Walikuwamo wajomba zake wawili. Domitille alisema maneno yake mara ya mwisho, kwa sauti iliyokwisha.

"Kwa hiyo weye njo ulidanganya bantu," Sylvestre akasema.

"Njo minye."

"Na unajua tunafanya nini na mwenye kudanganya bantu?"

"Najua, mwanangu. Lakini acha kengele irudi kwanza kwa Mukarusanga. Haiyafika." Akanyoosha kidole kwenye mstari. "Na weye ulitaka kuipeleka, ile neno. Nafasi iko, kule nyuma ya Élisabeth."

Sylvestre akamtazama Mukarusanga aliyesimama mbele yake, kengele mikononi, umbali wa mkono mmoja, mwanamke ambaye asubuhi alikuwa amekwisha kumuua kichwani mwake. Hakushuka ngazi. Tusimpambe, hakushuka. Lakini aligeuka, akaingia ofisini, akafunga mlango, na hakutuma mtu, si jioni ile wala kesho yake. Mukarusanga akaitikisa kengele, mstari ukageuka, wakarudi.

Walipofika nyumbani, Mukarusanga alimnyooshea Domitille kengele. Domitille akakataa.

"Nilitoa neno bila kutembea nyuma yake," alisema. "Ikae kwako."

Ikakaa. Asubuhi iliyofuata Mukarusanga hakupita na maziwa, wala keshokutwa yake. Aliposamehe hakutangaza. Siku moja tu alisimama mlangoni kwa Domitille na chombo chake, akaanza ubishi wa Bikira Maria pale ulipokatikia. Munyaneza alishuka na ng'ombe vita vilipotulia. Serikali ikarudi, Sylvestre akavuka ziwa, na kengele ikaendelea kulia Nyamianda kwa lafudhi ya milimani. Watu walitania, wakazoea. Domitille akawa anakaa kibarazani, na kila neno lilipopita aliinuka kwenda kuuliza maswali. Alikuwa muulizaji wa kuudhi kupita wote. Watu walikuwa wakijiandaa nyumbani kwanza kwa ajili yake.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, katika kiangazi, vumbi jingi. Mukarusanga alitungua kengele. Élisabeth akasema atatembea nyuma, akaambiwa yeye ni mfiwa, hailazimu, maneno ya kilio hayaulizwi. Akafunga kitenge akatoka.

Kila kona Mukarusanga alitangaza, akageuka, akasema mwenye neno ni huyu, mumuulize. Watu waliinamisha vichwa. Walipofika Kalundu, Nyandwi, mzee sasa, akaweka chini kisu chake cha samaki, akavua kofia. Alisema Domitille asingependa neno lake lipite bila kuulizwa.

"Mwanangu," akauliza, "una hakika amekufa?"

"Nina hakika, baba," Élisabeth akasema. "Njo minye nilimufunga macho."